Shamba Si Msitu

Tarehe 30 Desemba 2024, katika mkutano wa mipango ya maendeleo ya taifa uliofanyika Jakarta, Rais Prabowo Subianto wa Indonesia alisema kwamba mashamba ya michikichi yapasa kuongezwa, wala haifai kuogopa lawama ya kufyeka misitu. Kwani mchikichi nao ni mti, una majani, na majani yake hunyonya hewa ya ukaa kama yafanyavyo majani mengine. Maneno hayo yalisemwa hadharani, tena kwa wepesi, kama jambo lisilohitaji ushahidi. Yafaa yashikwe na kupimwa, kwa sababu hayakuanza siku ile wala si ya mtu mmoja. Ndiyo hoja iliyotangulia shoka katika Sumatra na Borneo kwa zaidi ya miaka thelathini: mti umekatwa, mti umepandwa, basi kilichopotea ni nini?

Kiswahili kina jibu lake tangu zamani. Hata mtu asiyejua kusoma hawezi kuchanganya msitu na shamba. Shamba lina mwenyewe, lina mpaka, lina zao lililokusudiwa, na lina siku ya kuvunwa. Msitu haukukusudiwa na mtu. Ndani yake mna miti ya kila umri na ya kila aina, mkubwa ukiutilia mdogo kivuli. Mna mizizi ya dawa, asali, wanyama, ndege na chemchemi. Na ukianguka mti mmoja, mwingine huinuka pasipo kupandwa. Unguja na Pemba zina minazi mingi, na mingine imesimama kandokando ya Mrima. Lakini ni nani aliyepata kumsikia mwenyeji akiliita shamba la minazi msitu? Mnazi nao ni mti. Nao una majani.

Dhuluma iliyotendeka Indonesia ilianza kwa kufuta tofauti ya maneno haya mawili. Kwanza jina liligeuzwa. Kisha ardhi ikageuzwa kulifuata jina. Mwizi wa kuku huja usiku, lakini mwizi wa msitu huja mchana na karatasi mkononi, na juu ya karatasi hiyo limeandikwa neno msitu. Kwa hiyo atakaye kuufahamu msiba huu hana budi kuanza na maneno, ndipo aende kwenye shoka, moto na moshi.

Haki yataka mti wenyewe utolewe kizimbani kwanza. Mchikichi ni mti wa Afrika. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na Kongo, na wakazi wa Kigoma wameutegemea kwa muda mrefu kwa mawese, kwa sabuni na kwa biashara. Huko huonekana kando ya nyumba na katikati ya mihogo na maharagwe, na matunda yake hukamuliwa na watu wanaojulikana kwa majina. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Waholanzi huko Bogor, katika kisiwa cha Java, na kwa miaka mingi uzao wake ulikuwa pambo la njia katika mashamba ya tumbaku ya Sumatra. Mwaka 1911 Mbelgiji Adrien Hallet, aliyekuwa ameijua Kongo, alianzisha Sumatra shamba la kwanza la biashara kubwa. Mwaka huo huo serikali ya Ubelgiji ilimpa William Lever wa Uingereza haki ya kuvuna michikichi katika eneo kubwa mno la Kongo, na wenyeji wakalazimishwa kukata matunda kwa ujira duni. Tangu hapo mti wa kijiji ukawa mti wa kampuni. Mti haukubadilika, aliyebadilika ni bwana wake.

Leo michikichi ya Indonesia imefunika hekta milioni 16 hivi, eneo linalozidi nchi nzima ya Malawi. Indonesia na Malaysia pamoja hutoa zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za mawese yote ya ulimwengu. Pamoja na michikichi yamekuja mashamba ya akasia na mikaratusi, miti ikuayo upesi, ikatwayo baada ya miaka mitano au sita tu, ikasagwa kuwa rojo la kufanyia karatasi. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tangu mwaka 2000 hata 2012 Indonesia ilipoteza zaidi ya hekta milioni 6 za misitu ya asili. Katika mwaka 2012 peke yake zilikwenda hekta 840,000, ikaipita Brazil iliyokuwa ikitajwa kwa ubaya huo duniani kote. Si michikichi na akasia pekee zilizokula misitu hiyo. Ukataji wa mbao, migodi na moto vilikuwa na fungu lao. Lakini mashamba ndiyo yaliyofanya jeraha lisipone. Msitu uliokatwa magogo na kuachwa huweza kuota tena. Msitu uliogeuzwa shamba hauruhusiwi kuota, maana kila chipukizi lake sasa laitwa gugu.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya misitu ya Sumatra mashariki na ya Kalimantan haikusimama juu ya udongo wa kawaida. Imesimama katika vinamasi. Majani na magogo yaliyoanguka majini hayakuoza yakaisha, kwa kuwa hewa haikuyafikia. Yalilundikana kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka mahali pengine mboji hiyo ikapata kina cha mita 10 na zaidi. Mboji iliyolowa ni kama sifongo kubwa: wakati wa mvua hunywa maji, wakati wa ukame huyatoa pole pole; na ndani yake imehifadhiwa hazina ya ukaa ambayo miti iliichukua hewani kabla ya tawala zote zinazokumbukwa katika nchi hizo.

Sasa mchikichi haustawi ukiwa miguu majini, wala akasia. Kwa hiyo afanyaye shamba katika kinamasi huchimba mifereji, mirefu na iliyonyooka, ili maji yakimbilie mtoni. Hapo ndipo hoja ya majani inapoanguka. Maji yakishuka, mboji hukauka. Hewa ikiingia, huanza kuoza na kurudisha angani ukaa uliokaa ndani kwa maelfu ya miaka. Na ardhi yenyewe hudidimia mwaka hata mwaka, mpaka mashamba mengine ya karibu na pwani yatishwe na mafuriko. Mchikichi huishi shambani miaka 25 hivi, kisha hukatwa. Majani ya miaka 25 yatalipaje deni la maelfu ya miaka? Ni sawa na mtu aliyevunja birika la maji la mji mzima, kisha akajisifu kwamba anakinga matone ya umande kwa kikombe.

Mboji kavu, tena, huwaka. Moto wake haukai juu ambako watu huuona. Hushuka chini, hutambaa kwa majuma, na aghalabu hauzimwi na kitu isipokuwa mvua kubwa. Katika miaka ya 1990 Rais Suharto aliamuru hekta milioni moja za vinamasi vya Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Maelfu ya kilometa za mifereji yalichimbwa, miti ikakatwa, wahamiaji wakaletwa. Mpunga uliotarajiwa haukupatikana, na mpango ukavunjwa mwaka 1999. Lakini mifereji haikuvunjwa. Ulipokuja ukame mkali wa mwaka 1997 nchi iliwaka. Wataalamu walikadiria baadaye kwamba ukaa uliotoka katika moto wa Indonesia mwaka ule ulikuwa kati ya sehemu 13 na 40 katika kila 100 za ule unaotolewa kwa mwaka na makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ulimwengu mzima. Maji yakimwagika hayazoleki. Na ya kinamasi yakimwagika, hata ardhi yenyewe haizoleki.

Ukame wa mwaka 2015 ulirudia somo kwa wasiosikia. Ziliungua hekta milioni 2.6. Benki ya Dunia ilipima hasara ya Indonesia kuwa dola za Marekani bilioni 16, zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuijenga upya Aceh baada ya gharika ya bahari ya mwaka 2004. Huko Palangka Raya jua halikuonekana, anga iligeuka manjano, na watu walipumua moshi kwa majuma mfululizo. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Harvard na Columbia walikadiria mwaka 2016 kwamba moshi ule ulifupisha maisha ya watu wapatao 100,000 katika Indonesia, Malaysia na Singapore. Serikali za nchi hizo ziliikataa hesabu hiyo. Lakini hata ikigawanywa kwa nusu, na nusu yake igawanywe tena, ni vita gani vya mwaka ule vilivyoua watu wengi hivyo katika nchi hizo tatu?

Husemwa kwamba waliowasha moto ni wakulima wadogo, ambao desturi yao ni kuchoma ili kulima. Ni kweli kwamba baadhi yao waliwasha, kama ilivyo kweli kwamba moto mwingine ulianza ndani ya ardhi walizopewa makampuni. Lakini desturi ya kuchoma ni ya kale, na mioto ya namna hii ni mipya. Kiberiti cha mkulima hakikukauka zaidi ya kilivyokuwa. Kilichokauka ni ardhi. Amwulizaye mwenye kiberiti asiache kumwuliza mwenye mfereji.

Karatasi nayo ina kesi yake, na ndani ya kesi hii ndimo ulaghai wa jina ulipofikia upeo. Katika lugha ya Kiindonesia msitu huitwa hutan. Mashamba ya akasia yaliandikwa katika sheria kuwa hutan tanaman industri, maana yake msitu wa kupandwa wa viwanda. Mwaka 1989 serikali iliweka mfuko wa kupanda misitu upya, ukijazwa na ushuru wa wakata magogo. Jina lilikuwa zuri na nia iliyotangazwa ilikuwa njema. Walakini fedha nyingi za mfuko huo zilikwenda kuyasaidia makampuni kuanzisha mashamba ya miti ya viwanda, na mwaka 1994 sehemu yake ilikopeshwa kwa kiwanda cha serikali cha kuunda ndege. Wakaguzi wa hesabu walipoitwa mwaka 1999, baada ya Suharto kuanguka, waliandika hasara ya dola za Marekani zaidi ya bilioni 5 katika miaka mitano tu. Ulikuwa mfuko wa kuotesha misitu, nao ulilipia kuifyeka.

Kanuni ya busara yasema mtu apande kwanza, kisha ajenge kiwanda cha kula alichopanda. Indonesia ilifanya kinyume. Kati ya mwaka 1988 na 1999 uwezo wa viwanda vya rojo la karatasi uliongezeka kutoka tani 600,000 hivi kwa mwaka mpaka karibu tani milioni 5. Mashamba ya akasia hayakuwa tayari kulisha vinywa hivyo. Kwa hiyo karibu sehemu tisa katika kumi za miti iliyoliwa katika miaka ile zilitoka katika misitu ya asili. Mti uliosimama miaka mia tatu ulisagwa, ukatandazwa, ukawa karatasi ya kufunikia bidhaa, itupwayo siku inaponunuliwa. Kiwanda chenye deni hakingoji. Deni lina tarehe, na msitu hauna wakili wa kuomba muhula. Bandu bandu huisha gogo, wasema wahenga. Hapa hapakuwa na bandu bandu, gogo lilimezwa zima.

Kama ilivyokuwa kwa miti, ndivyo ilivyokuwa kwa watu. Sheria ya misitu ya mwaka 1967 iliipa serikali madaraka juu ya misitu yote, na katika miaka ya 1980 ramani zilichorwa zilizoita karibu robo tatu ya ardhi ya Indonesia msitu wa serikali. Ndani ya mipaka hiyo mlikuwa na vijiji, makaburi, mashamba ya mpira na bustani za matunda za watu waliorithi kwa babu zao. Ajabu ya jambo hili yastahili kuangaliwa mara mbili. Kijiji chenye watu kiliitwa msitu ili wenyeji wake wahesabiwe kuwa wavamizi. Na shamba lisilo na msitu liliitwa msitu ili mwenye kampuni ahesabiwe kuwa mpandaji wa miti. Neno lile lile lilimnyang'anya huyu na kumvika sifa yule.

Katika Jambi, Sumatra ya kati, wako watu wajiitao Orang Rimba, maana yake watu wa msituni. Huishi kwa kuwinda, kuokota matunda na kulima kidogo; na mmoja wao akifa, jamaa zake huhama mahali pale kwa huzuni. Mtoto azaliwapo huwa na mti wake, na mti huo haukatwi. Watu wa Pwani, wasemao kwamba kwao ni pale kilipozikwa kitovu, hawahitaji kufasiriwa desturi hii. Bustani ya taifa ya Bukit Duabelas ilitengwa mwaka 2000 kuwahifadhi, lakini nchi nyingi waliyoizoea ilikuwa nje ya mipaka yake, nayo ilikwisha kugawanywa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 na shirika la Human Rights Watch ulizikuta jamaa zao zikiishi katika vibanda chini ya michikichi, wengine wakiokota matunda yaliyoanguka ili wauze, wengine wakiomba sadaka barabarani. Mtu akitaka kujua kama shamba la michikichi ni msitu, asimwulize mhasibu. Amwulize Orang Rimba ambaye jina lake ni msitu, na hana tena mahali pa kulitumia.

Mahakama ya Katiba ya Indonesia yenyewe iliona kosa hili. Tarehe 16 Mei 2013 iliamua kwamba msitu wa mila si msitu wa serikali. Ilitosha kufuta neno moja katika sheria ya mwaka 1999, na miliki ya wenyeji ikatambuliwa. Ni uamuzi wa heshima, na waliodai haki ile walikuwa Waindonesia, wala si wageni. Lakini hati za kwanza za misitu ya mila hazikutolewa mpaka Desemba 2016, na tangu hapo zimetoka kwa uchache na kwa mwendo wa konokono. Kibali cha kampuni huweza kufunika makumi ya maelfu ya hekta kwa sahihi moja. Kijiji hutakiwa kuthibitisha babu zake mmoja mmoja.

Watetezi wa mashamba wana hoja tatu zisizofaa kudharauliwa, kwani zina ukweli ndani yake.

Ya kwanza ni mkate wa maskini. Mawese yamewalisha mamilioni ya Waindonesia. Wakulima wadogo wanashika karibu sehemu 40 katika kila 100 za eneo la michikichi, na wengi wao wamejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Hayo ni kweli. Lakini ushahidi huu wamtetea mkulima mwenye ardhi, haumtetei aliyekata msitu. Aliyefanikiwa ni yule aliyepewa hekta zake mbili na hati yake mkononi. Si kibarua wa kampuni, wala si mwenyeji aliyeahidiwa fungu na kulisubiri miaka. Tena Indonesia ina mamilioni ya hekta zilizokwisha kuwa tupu, ambako huota nyasi kali ziitwazo alang-alang. Mbona makampuni mengi yalipenda msitu kuliko nyasi? Kwa sababu msitu una magogo, na magogo huuzwa kabla mchikichi wa kwanza haujazaa. Hiyo si njaa ya maskini. Ni faida mara mbili ya tajiri, ikisemewa kwa kinywa cha maskini.

Ya pili ni tija. Hekta moja ya michikichi hutoa tani tatu hata nne za mafuta kwa mwaka, ilhali hekta ya soya haitoi zaidi ya nusu tani hivi. Kwa hiyo, husemwa, atakayeyakataa mawese atafyeka ardhi kubwa zaidi kwa mazao mengine. Hesabu hii ni sahihi, na wale wapendao kuususia mchikichi kwa jumla waizingatie. Lakini tija ni sababu ya kupunguza shamba, si sababu ya kuliongeza. Mtu asemaye kwamba ng'ombe wake anatoa maziwa mara saba kuliko wengine, kisha akadai malisho ya kijiji kizima, hajatoa hoja; ametoa tamaa. Na kama mti huu una baraka hiyo, basi uangaliwe vizuri katika mashamba yaliyokwisha kufyekwa, yapate mbegu bora na mbolea, badala ya kila upungufu wa mavuno kufidiwa kwa shoka.

Ya tatu ndiyo chungu kuliko zote. Ulaya ilimaliza misitu yake, ikaja kuchuma ya wengine kwa bunduki na mikataba; leo yasimama juu ya mimbari na kuhubiri. Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2023 sheria ya kukataza bidhaa zitokazo katika misitu iliyofyekwa, Indonesia na Malaysia zilihamaki, nao Umoja wenyewe ukaahirisha kuitekeleza. Afrika, iliyoyajua mashamba ya Lever, haiwezi kuicheka hasira hiyo. Lakini unafiki wa hakimu haumtakasi mshitakiwa. Wala Ulaya siyo mlalamikaji wa kwanza katika kesi hii. Walalamikaji wa kwanza ni wanavijiji wa Riau waliokuta mifereji katika ardhi yao, na mama wa Palangka Raya aliyekesha na mtoto asiyeweza kupumua. Kusema kwamba kilio chao ni hila ya Mzungu ni kuwanyang'anya na sauti baada ya kuwanyang'anya ardhi.

Haki yataka pia mema yatajwe. Mwaka 2004 liliundwa baraza la kutoa hati kwa mawese yaliyopatikana kwa njia njema. Mwaka 2011 Rais Susilo Bambang Yudhoyono alisimamisha vibali vipya katika misitu ya asili na vinamasi, na mwaka 2019 amri hiyo ikafanywa ya kudumu. Makampuni mawili makubwa ya karatasi yaliahidi, moja mwaka 2013 na jingine mwaka 2015, kuacha kula misitu ya asili. Mwaka 2016 iliundwa idara ya kuvirudishia vinamasi maji yake. Baada ya hapo upotevu wa misitu ulipungua kwa miaka kadhaa, jambo linalothibitisha kwamba shoka si kudura. Lina mkono, na mkono hutii amri. Lakini mwaka 2023 upotevu uliongezeka tena, na mwisho wa mwaka 2024 ikasikika kauli ile ya mti na majani. Kampuni ikiahidi kutofyeka baada ya kwisha kufyeka, imeahidi kushiba baada ya kula. Na mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo hili haliko mbali na Afrika ya Mashariki kama bahari ionyeshavyo. Meli huleta mawese ya Indonesia na Malaysia Mombasa na Dar es Salaam. Humo husafishwa, yakawa mafuta ya kupikia na sabuni. Mandazi ya alfajiri, viazi vya kukaanga kando ya barabara na kipande cha sabuni cha kufulia huwa na historia inayoanzia katika mfereji wa Riau au Kalimantan. Indonesia ilipozuia mawese yake yasitoke nje, kuanzia tarehe 28 Aprili hata 23 Mei 2022, bei iliyokwisha kupanda duniani ilizidi kuzichoma jiko za watu wasiojua Jakarta iko wapi. Mama muuza mandazi hana lawama. Hununua mafuta kwa kikombe, na kikombe hakiandikwi kilikotoka. Lakini waagizaji wakubwa hununua kwa shehena, na shehena ina hati. Wao na serikali zao waweza kuuliza mawese haya yametoka shamba gani, na shamba hilo lilikuwa nini jana; nao hawaulizi kwa sababu hapana awaulizaye.

Tena somo lenyewe limekwisha kuvuka bahari. Katika kisiwa cha Bugala, ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, msitu ulifyekwa mwanzoni mwa karne hii ukapandwa michikichi. Kigoma nako, tangu mwaka 2018, serikali ya Tanzania imehimiza michikichi bora ili nchi ijilishe mafuta yake. Ni nia njema. Mti unarudi kwa jamaa zake. Lakini barabara mbili ziko mbele yake. Moja ni ya mkulima mwenye ekari zake, mihogo yake kati ya michikichi na hati yake sandukuni. Nyingine ni ya kibali kikubwa, ramani mpya na jina jipya la ardhi ya watu. Indonesia imekwisha kuonyesha mwisho wa barabara ya pili, na gharama ya somo imelipwa na wengine. Atakayelipia mara ya pili atakuwa amenunua ujinga kwa bei ya elimu.

Yanayodaiwa si makubwa. Shamba liitwe shamba katika sheria, katika takwimu na katika vinywa vya marais, lipimwe kwa mazao yake na litozwe kwa madhara yake. Kinamasi kisichimbwe mfereji hata mmoja zaidi, na iliyochimbwa izibwe. Ardhi ya wenyeji irudishwe kwa wenyeji kwa kasi ile ile iliyotumika kuwanyang'anya. Mnunuzi aulize, na muuzaji ajibu kwa maandishi.

Katika misitu ya Sumatra na Borneo yuko nyani mkubwa mwenye manyoya mekundu, aitwaye kwa Kimalai orang hutan, yaani mtu wa msituni. Waliompa jina hilo hawakusoma takwimu, lakini walijua wamwonapo kwamba msitu ni nyumba ya mtu. Mnyama huyu haliiti shamba msitu. Likipandwa shamba mahali pake, huingia kutafuta chakula, akafukuzwa kama mwizi. Na ajapo kutazama juu huona mti, huona majani, lakini haoni kwao.